Kupunguza uzito ukiwa Mwanza: mwongozo wa kila siku mpaka ufike kwenye namba yako

Wengi tunaanza dayati Jumatatu tukiwa na moto kweli kweli, asubuhi maji ya limao, mchana kachumbari na yai moja, jioni mbio mpaka Capri Point na kurudi, alafu ikifika Alhamisi mvua inanyesha, kazini umebanwa, nyumbani kaja mgeni kutoka Sengerema na kuku mkononi, basi habari ya dayati inaishia hapo mpaka Jumatatu nyingine. Ile ratiba ilipangiwa mtu mwenye siku nzuri saba kwa wiki, na mtu huyo sijawahi kukutana naye, si Mwanza wala kwingine. Kwa hiyo kila hatua hapa chini nimeipima kwa kipimo kimoja tu: je siku mbovu utaifanya? Kama haifanyiki siku mbovu basi ni kubwa mno, ipunguze.

Hatua ya 1: Jua ulipo kabla hujasema unapokwenda

Mizani sio lazima ununue. Wale vijana wa mizani barabarani wapo, famasi nyingi wanayo, zahanati wanayo. Cha muhimu tumia mizani ile ile kila ukipima, siku ile ile ya wiki, asubuhi kabla hujala, maana mizani mbili tofauti zinaweza kukupa majibu mawili ukaumia roho bure. Alafu tafuta futi ya fundi cherehani, ile ya kukunja, pima kiuno usawa wa kitovu bila kuvuta tumbo ndani (usijidanganye, hakuna anayekuangalia). Mwanamke akizidi sentimita 80 na mwanaume akizidi 94 hatari ya presha, kisukari na moyo inaanza kupanda, na wakivuka 88 na 102 inapanda zaidi.

Kuna na ile BMI, kipimo cha uzito ukilinganisha na urefu wako, unachukua kilo unagawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mfano dada wa kilo 86 mwenye urefu wa mita 1.62: 1.62 mara 1.62 ni 2.62, ukigawa 86 kwa hiyo unapata karibu 33. Kawaida ni 18.5 mpaka 24.9, kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ndo unene wenyewe. Sasa huyu dada akijiambia anataka kilo 60 kufikia Pasaka atakata tamaa mapema sana. Aanze na asilimia 5, yaani kilo 4 na kidogo, alafu asilimia 10, kilo 8 na nusu. Hata kushuka huko kwa asilimia 5 mpaka 10 tu kunasaidia presha na sukari, huhitaji kuwa mwembamba kama wa kwenye matangazo ndo mwili ushukuru. Mwendo mzuri ni nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, kwa hiyo zile kilo 8 na nusu kwa mwendo wa nusu kilo ni miezi minne hivi. Ndo taimu yenyewe hiyo, ukubali mapema.

Siku hiyo hiyo ya kupima uzito pima na presha na sukari. Na kama una mimba, unanyonyesha, una kisukari na unatumia sindano au vidonge vya kushusha sukari, au una tatizo la moyo au figo, ongea na daktari kabla hujapunguza sahani, kwa sababu mtu wa insulini akipunguza chakula bila dawa kurekebishwa sukari inaweza kushuka mpaka akaanguka.

Hatua ya 2: Wiki moja ya kuandika tu, usibadilishe kitu

Hii watu wanairuka na ndo yenye siri. Daftari dogo la shule na kalamu, au simu, andika kila kinachoingia mdomoni, hata kile kipande cha andazi ulichomalizia kwa mtoto, hata ule mchuzi uliouonja. Usijihukumu, andika tu. Mama lishe anayepika pale Mwaloni anaweza kukuapia kwamba yeye hali kabisa, ni chai tu na jioni ugali kidogo, lakini akiandika anakuta kaonja wali, kaonja maharage, kala makoko ya chini ya sufuria, na kanywa soda mbili za wateja walioghairi.

Mwisho wa wiki soma ukitafuta vitu vitatu: vinywaji vyenye sukari, mafuta, na saa unazokula bila njaa. Chai vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, hivyo ni vijiko tisa, kama gramu 36, karibu kalori 145 (kalori ni kipimo cha nguvu iliyo kwenye chakula). Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori zote za siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani wewe umeshapita kwenye chai peke yake kabla hata soda haijafunguliwa. Soda ya mililita 350 ni kama kalori 140. Bia ya nusu lita ni 200 na ushee, na bia haijawahi kuja peke yake, inakuja na mishkaki.

Hatua ya 3: Jikoni, hapa ndo kwenye kazi

Nasema wazi, uzito unashukia jikoni zaidi ya barabarani. Mtu wa kilo 80 akitembea kwa haraka nusu saa anachoma kama kalori 150, yaani soda moja inarudisha karibu zote. Kutembea kuna faida nyingi tu na tutafika huko ila usidhani utatembea mpaka chipsi mayai za kila usiku ziishe mwilini.

Anza na mafuta. Kijiko kimoja cha kula cha mafuta ni kama kalori 120, haijalishi ni ya alizeti, ya pamba au yale ya bei mbaya ya supamaketi, yote ni mafuta. Tatizo letu tunamimina kutoka kwenye dumu kwa macho. Ukiacha kumimina ukaanza kupima kwa kijiko, sufuria ya mboga ya watu watano vijiko viwili au vitatu vinatosha kabisa na hakuna atakayelalamika, jaribu kimya kimya bila kutangaza, maana ukitangaza tu ndo wataanza kusema mboga haina ladha.

Alafu samaki. Sisi wa huku tuna bahati ambayo watu wa mbali na ziwa wanailipia nauli, sato ana protini kama gramu 20 kwenye kila gramu 100 za nyama yake na mafuta kidogo sana, na protini ndo inakushibisha muda mrefu na kulinda misuli wakati mwili unapungua. Ila sisi tunamchukua huyo sato tunamzamisha kwenye karai la mafuta mpaka akauke kama kuni. Mpike hivi: paa magamba, toa matumbo, osha, mchanje ubavuni mara tatu kila upande, pakaa chumvi kidogo, limao, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, mwache apumzike wakati unakata nyanya nne, kitunguu, karoti na hoho. Panga nusu ya hizo nyanya na vitunguu chini ya sufuria, mlaze samaki juu, funika na zilizobaki, maji kikombe kimoja, mfuniko, moto wa wastani dakika 15 mpaka 20 kulingana na ukubwa. Usimgeuze, atameguka. Nyanya za chini zitatoa mchuzi wenyewe, mwishoni weka pilipili nzima bila kuipasua ili itoe harufu tu. Mafuta hapo ni sifuri na mchuzi unaombwa tena. Sangara naye hivyo hivyo, tena akiwa mkubwa ana mafuta yake mwenyewe, ukimuongezea mengine ni kumuonea.

Kama bajeti haifiki kwa sato kuna dagaa, na dagaa wala sio chakula cha kujionea huruma. Nunua waliokauka vizuri, wenye rangi ya fedha bado, wasionuka. Walioanikwa mchangani waoshe kwa maji ya uvuguvugu, uwatoe kwa mkono na kuacha mchanga chini, rudia mpaka mchanga usisikike chini ukipitisha kidole. Chuja, waweke kwenye kikaango kikavu bila mafuta, geuza mpaka waanze kulia kwa ukavu, hapo ule ukali wa harufu unaondoka. Ndo unakuja kuwaunga na kijiko kimoja cha mafuta, vitunguu, nyanya nyingi, na limao mwishoni. Wale wa kukaangwa wanaouzwa tayari watamu ndio, lakini wamekunywa mafuta kweli kweli, hao ni wa mara moja moja.

Ugali sasa. Kuna imani kwamba dona inapunguza uzito na sembe inanenepesha, hapana, unga wa mahindi gramu 100 ni kalori 350 na ushee wowote utakaochukua. Faida ya dona ni nyuzinyuzi, unashiba mapema na tumbo linaenda vizuri, kwa hiyo chagua dona lakini usijenge mlima wa dona. Kipimo ni ngumi yako ukiikunja, ngumi moja kwa wanawake wengi, moja na nusu au mbili kwa mwanaume wa kazi nzito. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, na hapa tumejaliwa, matembele, msusa, mchicha, mgagani, mlenda, chagua. Robo samaki, maharage, mayai au nyama, robo ugali au wali au viazi. Mboga ianze kuingia kwenye sahani, ugali uje mwisho, ukianza na ugali utashangaa mboga imekosa pa kukaa. Na michembe na matobolwa nayo ni viazi vitamu vya kukaushwa jamani, ni chakula kizuri lakini kinahesabika, hasa ukipika na karanga.

Sukari ya chai usiikate ghafla. Kutoka vijiko vitatu nenda viwili wiki mbili, alafu kimoja. Ulimi unazoea. Soda ifanye ya sherehe, nyumbani maji. Juisi ya kusaga ya embe na sukari sio maji, tusidanganyane, kula embe lenyewe.

Hatua ya 4: Miguu

Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani nusu saa siku tano ukitembea kwa kasi ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Huhitaji jimu. Raba nzuri za mtumba utapata Mlango Mmoja, angalia soli isiwe imelika upande mmoja maana itakuharibia goti.

Njia rahisi ya kutokukosa ni kuiingiza kwenye safari ambayo ungeenda tu. Unatoka Buhongwa au Nyegezi kwenda mjini, shukia Igogo umalizie kwa mguu. Unatoka Pasiansi, shukia Furahisha. Mwenye nafasi asubuhi saa 12 Capri Point barabara imetulia na upepo wa ziwa unakupiga usoni, wengi wanafanyia huko. Kama unaishi mlimani, Isamilo, Mabatini juu kule kwenye mawe, wewe una mazoezi yako mlangoni, panda taratibu, na kama goti linauma usipande mlima kwanza, tembea tambarare mpaka uzito upungue kidogo.

Mara mbili kwa wiki ongeza ya misuli: kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika mara 10, kusukuma ukuta au jiwe kubwa mara 10, kunyanyua dumu la maji la lita 5 kila mkono. Pumzika, rudia mara tatu. Bila hii mwili unapunguza misuli pamoja na mafuta na mwisho unakuwa mdogo lakini mlegevu.

Kuogelea ziwani wengi wanauliza. Ni zoezi zuri ila kichocho kipo ziwa Victoria, hasa maji yaliyotulia pembeni yenye majani na konokono, na kuna sehemu mamba wapo. Mwenye uwezo wa bwawa la hoteli aende, wengine tubaki nchi kavu.

Hatua ya 5: Andika ratiba ya siku mbovu

Chukua lile daftari, ukurasa wa mwisho, andika mambo matatu ambayo utayafanya hata ukiwa msibani, hata ukiwa na homa ya mapenzi, hata umeme umekatika na mkaa umelowa. Mfano: kutembea dakika 10, hakuna kinywaji cha sukari, sahani moja tu bila kuongeza. Basi. Ukifanya hayo matatu siku hiyo imehesabika, weka alama ya tiki, lala. Siku nzuri utafanya zaidi na hakuna anayekukataza, lakini tiki inatolewa kwa yale matatu tu.

Kwa nini nasisitiza hivi, kwa sababu kinachoua safari za watu wengi ni yale mawazo ya baada ya chipsi, kwamba leo nimeshaharibu basi acha nile tu nitaanza Jumatatu. Chipsi mayai moja haiwezi kukuongezea hata nusu kilo ya mafuta, kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, hesabu mwenyewe. Kinachokuongezea ni zile siku nne za kusubiri Jumatatu.

Bodaboda wa kijiweni ratiba yake haiwezi kuwa sawa na ya mwalimu. Wewe unayekaa juu ya pikipiki siku nzima unakula pale ulipo, sasa jambo lako moja linaweza kuwa kuacha sambusa na soda za saa 10 jioni ukabeba karanga za kuchemsha kiganja kimoja na chupa ya maji. Anayefanya shifti ya usiku kwenye viwanda vya minofu ya samaki abebe chakula chake kutoka nyumbani, kwa sababu saa 8 usiku kinachouzwa nje ni cha kukaanga tu. Na wapenzi wa mpira, mechi za Ulaya zile za saa 4 na saa 5 usiku ndo zinaleta mishkaki na bia, alafu unalala saa 7 kasoro unaamka na njaa ya ajabu, usingizi mdogo unaongeza hamu ya kula hilo linajulikana. Lenga masaa 7. Derby ya Simba na Yanga nakuachia, hiyo hata mimi siwezi kukuzuia.

Hatua ya 6: Watu

Huku kwetu ukipungua kidogo tu utasikia mbona umekonda, unaumwa, au mume hakutunzi? Mwili mnene bado unahesabika ni dalili ya mambo kwenda vizuri, kwa hiyo jiandae na jibu moja fupi la kurudia: daktari kaniambia nipunguze kwa ajili ya presha. Limeisha hilo, presha hakuna anayebishana nayo. Usianze kueleza kalori kwa shangazi.

Ukienda ukweni usikatae chakula, hapo utaharibu undugu. Pokea, sifia, anza na mboga na samaki, kula polepole kuliko wote, kwa sababu mwenye sahani tupu ndo anaongezewa. Mama mkwe akisukuma bakuli mwambie, mama nimeshiba kweli, naomba unifungie kidogo nikale kesho. Amefurahi na wewe umepona. Kwenye harusi pita mezani mara moja, chagua kimoja kati ya pilau, chipsi na ndizi, sio vyote vitatu.

Nyumbani usipike vyungu viwili, chako na cha familia, utachoka mapema na utaonekana unajitenga. Pika chungu kimoja kizuri chenye mafuta ya kijiko, tofauti iwe kwenye kipimo cha ugali.

Hatua ya 7: Mizani ikigoma

Wiki ya kwanza au mbili utashuka haraka, hata kilo mbili, mengi ya hayo ni maji. Alafu inapungua kasi, na kuna wiki inasimama kabisa au inapanda kilo moja kwa sababu ulikula chumvi nyingi jana au uko karibu na siku zako. Usiguse kitu kabla ya wiki tatu au nne. Zikipita na kiuno nacho hakijasogea, rudi kwenye daftari uandike tena wiki nzima, mara nyingi utakuta mafuta yamerudi kumiminwa kwa macho. Sababu nyingine ni kwamba mwili mwepesi unatumia nguvu kidogo kuliko ulivyokuwa mzito, kwa hiyo kile kilichokupunguza ukiwa na 86 hakitoshi ukiwa na 78. Ongeza dakika 10 za kutembea au punguza ugali kwa tonge mbili, kimoja kati ya hivyo, sio vyote na sio zaidi.

Hapo ndo wauzaji wa chai za kupunguza tumbo wanakupata. Nyingi ni za kuharisha, unapoteza maji na chumvi, mizani inashuka siku mbili inarudi, na ukiendelea unaumia. Mikanda ya jasho nayo ni maji yale yale. Limao na maji ya moto hayayeyushi mafuta, ni kinywaji tu. Vidonge vinavyouzwa mkononi bila daktari achana navyo kabisa.

Hatua ya 8: Ukifika

Ukifikia asilimia 10 kaa hapo mwezi mmoja au miwili kabla ya kutafuta nyingine, mwili na akili vizoee. Rudisha chakula kidogo kidogo, tonge mbili za ugali au tunda moja, uone mizani inasemaje. Kutembea usiache, maana kwenye kushusha uzito jikoni ndo kwenye kazi lakini kwenye kuuzuia usirudi miguu inasaidia mno. Endelea kupima mara moja kwa wiki, na ukiona umepanda kilo 2 juu ya namba yako na zimekaa wiki mbili, toa daftari siku hiyo hiyo hata kama ni Jumamosi.